Modeli ya mantiki ya andiko lenu inakwama wapi? Dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, kuacha kazi katikati ya mwaka uleule, asasi nyingi ndogo huku kwetu Tanzania zinagombania mifuko ileile michache iliyobaki. Msomaji wa maandiko ya miradi ya kuomba ufadhili akiwa na rundo mezani hasomi kurasa 25 neno kwa neno, anakimbilia ule ukurasa mmoja wenye safu na mishale, kama haumwingii akilini basi kurasa nyingine zote zinasomwa kwa mashaka. Ndo maana naandika hii, maana nasoma maandiko ya vikundi na asasi mara kwa mara na inaniuma kuona mradi mzuri kabisa, wenye watu wa kweli na shida ya kweli, unaanguka kwa sababu ya ukurasa mmoja ambao ungerekebishika kwa siku mbili.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Modeli ya mantiki ni ukurasa unaoonyesha rasilimali mlizonazo, shughuli mtakazofanya, mazao ya hizo shughuli, matokeo kwa watu, halafu mabadiliko ya muda mrefu, vyote vimeunganishwa kwa mishale. Bango kitita ni ndugu yake, lile jedwali lenye viashiria, njia za kuthibitisha na madhanio (mambo mnayoyachukulia kuwa kweli ili mradi ufanikiwe), lilianzia hukohuko USAID mwaka 1969 na mpaka leo fomu nyingi zinalidai. Modeli ikiwa mbovu, bango kitita linarithi ubovu, bajeti inarithi, mpango wa ufuatiliaji na tathmini unarithi, kwahiyo ukiona tatizo kwenye bajeti usikimbilie kurekebisha bajeti, rudi kwenye modeli kwanza.

Mfano nitakaotumia mwanzo mwisho ni mradi wa maji kijijini, kisima kirefu, pampu ya sola, simtanki, vituo vinne vya kuchotea maji, mafunzo kwa kamati ya maji. Nimeuchagua kwa sababu kila mtu anadhani mradi wa maji ni rahisi kuelezea, unachimba, maji yanatoka, watu wanafurahi. Na hapohapo ndo watu wanakwama.

Dalili: mfadhili anawaambia "haijaonekana mradi utabadilisha nini"

Hii inawakera sana watu maana safu ya matokeo mmeijaza mpaka chini. Sasa isome tena taratibu. Unakuta imeandikwa "kisima kimoja kimechimbwa", "wanakamati 12 wamepata mafunzo", "mikutano 6 ya uhamasishaji imefanyika". Hayo yote ni mazao, ni vitu nyie mmefanya na mtavihesabu wenyewe hata kama hakuna mtu yeyote kijijini aliyebadilisha chochote. Safu ya matokeo inataka kujua mtu mwingine, sio nyie, anafanya nini tofauti au anaishi vipi tofauti.

Jaribio lake ni dogo, chukua kila sentensi ya matokeo uulize: nani, anafanya nini sasa ambacho zamani alikuwa hafanyi? Kama jibu ni "sisi tumefanya" irudishe safu ya mazao. Chukua hiyo ya wanakamati 12. Wamepata mafunzo, sawa, halafu? Ukiwauliza wenyewe watu wa kijiji watakwambia shida ya kamati iliyopita ilikuwa hela, pesa za ndoo zinakusanywa hakuna anayejua zinaenda wapi, pampu ikiharibika mfuko hauna kitu. Basi matokeo ni "kamati inasoma mapato na matumizi ya maji kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na ina akiba benki ya kununua spea". Hapo msomaji anamwona mtu amesimama mbele ya wenzake na daftari mkononi, na mkutano wa kijiji wa kila robo upo tayari kisheria, hamhitaji kuubuni wala kuulipia. Matokeo yote yakishaandikwa hivyo utashangaa safu imepungua kutoka mistari 14 mpaka minne mitano, na hiyo ni dalili nzuri.

Dalili: "uhusiano kati ya shughuli na matokeo hauko wazi"

Hapa ndo kwenye ugonjwa mkubwa, naomba tukae kidogo.

Maandiko niliyosoma, visanduku mara nyingi vimeandikwa vizuri tu, kinachokosekana ni sababu ya mshale. Mtu anachora kisanduku "kisima", anavuta mshale mrefu mpaka "magonjwa ya kuhara kwa watoto yamepungua". Ukimuuliza kwa nini anasema si maji safi bana. Lakini mtoto hanywi maji ya kisima, mtoto anakunywa maji ya kikombe, na kati ya koki na kikombe kuna dumu ambalo halijaoshwa wiki nzima, kuna safari, kuna mtungi usio na mfuniko, kuna kata ambayo kila mtu anaingiza na mkono wake.

Hili halihitaji kubishaniwa maana lilipimwa hapo jirani, Busia, magharibi ya Kenya. Watafiti wakiongozwa na Michael Kremer walifuatilia chemchemi zilizojengewa na kulindwa wakalinganisha na ambazo bado. Matokeo yalichapishwa 2011: uchafu wa vijidudu kwenye chemchemi yenyewe ulipungua kwa asilimia 66, lakini kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Angalia hiyo tofauti. Kuhara kwa watoto kulipungua kama robo hivi, yaani faida ipo, ila sehemu kubwa ya usafi ilipotelea njiani na nyumbani. Na kuna utafiti mwingine mkubwa zaidi, Kakamega, Bungoma na Vihiga, matokeo yalitoka 2018, kaya zilipewa klorini ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawa mikono, na bado kuhara kwa watoto hakukupungua. Sababu moja inayotajwa ni kwamba matumizi yalishuka kadiri muda ulivyokwenda, klorini ipo lakini watu hawaiweki.

Sasa msomaji wa andiko lenu kama anaijua sekta ya maji anayajua haya. Akiona mshale wenu umeruka kutoka kisima mpaka afya ya mtoto anajua hamjafikiria, hata kama mmefikiria.

Tiba ni kuuvunja mshale vipande vifupi mpaka kila kipande mtu wa kawaida akikisoma anasema eeh hii inawezekana. Kisima kinatoa maji ya kutosha. Kituo kiko karibu. Kaya inaacha kuchota lambo na kuhamia kituoni. Inachota kwa chombo kisafi. Inahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Inatibu maji ya mtoto. Mtoto anakunywa hayo na sio mengine. Halafu ndo kuhara kunapungua. Ukishaandika hivyo unaona mwenyewe kwamba bajeti yenu yote imekaa kwenye vipande viwili vya kwanza na vile vingine vinne vitano hamna mtu wala shilingi. Hapo mna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ongezeni shughuli, mfano kufanya kazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao tayari wanapita kaya kwa kaya. Ya pili shusheni ahadi, semeni mradi huu utapunguza muda na umbali wa kuchota maji, basi, afya ni jambo la awamu nyingine. Binafsi napenda hiyo ya pili kwa asasi ndogo. Mama aliyekuwa anatumia saa tatu kwenye foleni akitumia nusu saa ni mabadiliko makubwa, yanapimika, na hayahitaji kuazima utukufu kutoka kwenye afya.

Mkivunja mishale fanyeni na watu wanaochota. Chukua flipchati, andika kisanduku cha kwanza na cha mwisho, waulize kina mama wanaochota pale kati kunatokea nini. Watakwambia vitu ambavyo hakuna konsaltanti atavijua, kwamba kituo namba tatu kikiwa upande wa juu wa barabara watu wa kitongoji cha chini hawatapandisha na ndoo kichwani, kwamba asubuhi foleni ni ya wanafunzi, kwamba wenye punda wanakuja na madumu manane kwa mkupuo na wengine wanasubiri.

Dalili: namba hazishikamani

Andiko linasema wanufaika 1,800, modeli ina vituo vinne. Sera ya Maji ya Taifa ya 2002 ilisema kituo kimoja kihudumie watu 250, ndani ya mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku. Vituo vinne ni watu 1,000. Hao 800 wamehesabiwa kwa sababu ni wakazi wa kijiji, sio kwa sababu maji yatawafikia.

Na kabla hata ya vituo, maji yenyewe yanatosha? Tuseme kisima kimetoa lita 3,000 kwa saa, pampu ya sola ikifanya kazi saa 6 za jua zuri ni lita 18,000 kwa siku. Gawanya kwa 25 unapata watu 720. Kwahiyo mna vituo vya watu 1,000, maji ya watu 720, na andiko la watu 1,800. Msomaji mwenye kikokotoo cha simu anaipata hiyo kwa dakika mbili.

Chanzo chake karibu siku zote ni kwamba safu ya rasilimali na safu ya matokeo ziliandikwa na watu tofauti au siku tofauti na hakuna aliyepita katikati na hesabu. Rekebisheni kwa kuweka namba juu ya mishale, sio ndani ya visanduku tu. Lita ngapi, kwa watu wangapi, kwa umbali gani. Namba ikishuka iacheni ishuke, watu 720 wanaopata lita 25 kweli ni mradi mzuri, na mnaweza kusema wazi kwamba waliobaki wanahitaji kisima cha pili.

Dalili: bajeti na modeli kama za miradi miwili tofauti

Hii nipite haraka. Chukua makapeni mbili. Kila mstari wa bajeti utafutie kisanduku chake, usiokuwa na kisanduku utie alama nyekundu, kila kisanduku cha shughuli ambacho hakina mstari wa bajeti utie alama ya bluu. Nyekundu nyingi huwa ni posho, safari, na warsha za uzinduzi. Bluu huwa ni zile kazi zisizo na sherehe ambazo bila hizo hakuna mradi: upimaji wa kijiofizikia (kutafuta maji yalipo chini ya ardhi) kabla ya kuchimba, kupima uwezo wa kisima baada ya kuchimba, kupeleka sampuli maabara, kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, vikao na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kuhusu chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kitakachokabidhiwa mradi. Wakati mwingine hizo za bluu mmepanga kweli kuzifanya, mmesahau tu kuziandika, lakini msomaji hawezi kujua kilichomo kichwani mwenu.

Dalili: safu ya madhanio imejaa sentensi ambazo zingefaa mradi wowote duniani

"Hali ya kisiasa itakuwa shwari." "Jamii itatoa ushirikiano." "Mvua zitanyesha kama kawaida." Mtu anaziandika kwa sababu fomu ina safu na lazima ijazwe. Hii safu ndo yenye thamani kuliko zote na ndo inayodharauliwa kuliko zote.

Dhanio zuri ni lile ambalo likiwa si kweli mradi wenu unakufa. Njoo kwenye mfano wetu. Mmeandika kwamba kisima kitatoa maji ya kunywa. Je, maji ya chini ya ardhi hapo yananyweka? Kuzunguka Mlima Meru, na sehemu za Singida na Shinyanga pia, ardhi ina fluoridi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima maeneo hayo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa, meno ya kahawia wanayaona kila siku, na wakiyanywa maji hayo miaka mingi mifupa nayo inaathirika. Kuna kituo cha utafiti Ngurdoto ambacho kwa miaka mingi kimefanyia kazi kuondoa fluoridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sasa mtu anaandika andiko la kisima wilayani Meru na neno fluoridi halimo kokote, sio kwenye madhanio, sio kwenye bajeti ya maabara. Kuchemsha hakuiondoi, klorini haiiondoi. Mnaweza kuchimba, kuzindua, kukata utepe, na mkawa mmewapa watoto maji yanayowaharibu.

Dalili kama hiyo ukiipata kuna hatua za kupitia. Jiulize kwanza, hili dhanio tunaweza kulipima kabla ya kuomba hela? Mara nyingi inawezekana, visima vya jirani vipo, ofisi ya bonde ina taarifa, sampuli mbili tatu maabara hazihitaji mfadhili wa nje. Kama haliwezi kupimwa kabla, je, linaweza kugeuzwa kuwa shughuli ya mwezi wa kwanza, yenye uamuzi ndani yake: sampuli ikizidi kiwango tunafanya nini, tunahamia chanzo kipi? Wafadhili wanaipenda sana hiyo "ikizidi tunafanya hivi" kuliko mnavyodhani. Na kama halipimiki na haligeuki shughuli, basi libaki kama dhanio, ila liandikwe kwa jina lake.

Dhanio jingine linalofichwa ni la hela. Mmesema kamati itajiendesha kwa kuuza maji. Haya, ndoo ya lita 20 tuseme shilingi 50, watu 720 kwa lita 25 ni ndoo 900 kwa siku, shilingi 45,000, mwezi ni 1,350,000. Inapendeza. Lakini masika yakianza malambo yanajaa na watu wengi wanarudi kuchota bure, mapato yanaweza kushuka vibaya miezi mitatu minne mfululizo, na mlinzi anataka mshahara uleule. Hesabu hiyo ikae kwenye modeli kama dhanio, halafu muweke shughuli ya kupanga bei na akiba ya kiangazi ivushe masika. Mkiandika "uendelevu: jamii itamiliki mradi" mkaishia hapo, mmeacha swali muhimu kuliko yote bila jibu.

Dalili: viashiria viko 30 na hakuna anayejua atavipima vipi

Chanzo cha kwanza ni woga, mtu anadhani vingi vinaonekana vya kitaalamu. Chanzo cha pili ni kuchukua viashiria vya mradi mkubwa wa taifa na kuvipandikiza kwenye mradi wa kijiji kimoja. Chukueni matokeo yenu manne, kila moja kiashiria kimoja, viwili vikizidi sana.

Kwa muda wa kuchota maji kuna kipimo kizuri kinachotumika dunia nzima, safari ya kwenda na kurudi pamoja na foleni isizidi dakika 30. Unakipimaje? Kijana wa kijiji mwenye simu anakaa kwenye chanzo cha sasa, lambo au kisima cha mkono, siku ya kawaida na siku ya gulio, anaandika saa mtu alipofika na saa alipoondoka, anauliza anatoka kitongoji gani, halafu mnatembea wenyewe kutoka hapo mpaka hicho kitongoji na kurudi, na saa mkononi. Siku nne za kazi na mna takwimu za awali ambazo hakuna anayeweza kuzipinga. Maandiko mengi yanaandika "takwimu za awali zitakusanywa baada ya kupata ufadhili" wakati jambo lenyewe linahitaji daftari na kalamu, na ukiwa nazo tayari andiko lako linaonekana tofauti kabisa na jirani yake kwenye rundo.

Kwa upande wa afya, kama kweli mmeiweka, watu wanaandika njia ya kuthibitisha ni "rejista za zahanati". Sawa, MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ipo na ni ya kuheshimiwa, ongeeni na mganga mfawidhi mapema, mpite rasmi kwa mganga mkuu wa wilaya. Ila jueni inachosema. Idadi ya watoto wa kuhara ikishuka zahanati inaweza kuwa maji, inaweza pia kuwa dawa ziliisha watu wakahamia duka la dawa muhimu, au barabara ilikatika. Ikipanda vilevile, labda mhudumu mpya anajaza rejista vizuri zaidi. Kwahiyo msiseme "mradi umepunguza kuhara kwa asilimia kadhaa", semeni mnachangia, na muweke kiashiria cha hatua ya kati ambacho ni chenu kweli, mfano kaya ngapi kati ya zilizotembelewa zina chombo chenye mfuniko na maji yakipimwa yana klorini iliyobaki. Hicho ni chenu, kikishuka mnajua mkimbilie wapi.

Dalili: lengo kuu ni kubwa kuliko hela

Milioni 40, miezi 18, kata moja, na kisanduku cha mwisho kinasema "kutokomeza umaskini wilayani". Punguza. Kisanduku cha mwisho kiwe kitu ambacho mradi wenu unasukuma kwa kuonekana, hata kama haukifikishi peke yake. Kama fomu inalazimisha lengo la kitaifa, liwekeni juu kabisa kwa mstari wa vitone, na mishale yenu iishie chini yake.

Dalili: modeli ni nzuri lakini timu haiwezi kuieleza

Wafadhili siku hizi wanapiga simu au wanakuja. Anauliza mhasibu, anauliza mratibu, anauliza mwenyekiti wa kamati, kila mmoja anaeleza mradi wake. Chanzo kinajulikana, modeli iliandikwa na konsaltanti usiku wa kuamkia dedilaini, au ilikopiwa na kupestiwa kutoka andiko la mwaka juzi la mradi wa lishe, au siku hizi akili mnemba imeombwa itengeneze na imetengeneza kitu kinachopendeza macho ambacho kingefaa kijiji chochote. Sina shida na konsaltanti wala na akili mnemba kwa kupanga lugha na jedwali. Lakini sababu za mishale lazima zitoke kwa watu watakaoufanya mradi na watakaouishi.

Namna ya kulitibu ukiwa bado na wiki mbili: waite watu sita saba tu, mratibu, mhasibu, fundi wa pampu anayejulikana pale, mtendaji wa kijiji, kina mama wawili wanaochota, mwalimu. Bandika karatasi ukutani, anza kulia kwenda kushoto, yaani anza na maisha mnayotaka yabadilike, uliza ili hilo litokee lazima nini kiwe kimetokea kabla, rudi hivyohivyo mpaka mfike kwenye shughuli na rasilimali. Mkianza kushoto, kwenye shughuli, mtaishia kuorodhesha kile mlichozoea kufanya siku zote, semina, na mtatafuta matokeo ya kuihalalisha. Mhasibu awepo mwanzo mwisho, hili nalisisitiza, maana ndiye atakayekumbuka kila kisanduku kina bei. Na fundi wa pampu mpeni nafasi ya kuongea mapema kabla wakubwa hawajamaliza, yeye ndiye anajua spea ya pampu hiyo inapatikana mjini au inaagizwa na kusubiriwa miezi.

Mkimaliza, kila mmoja asimame aeleze modeli kwa maneno yake bila kusoma. Pale anapokwama ndo pale mshale haujakaa, rudini hapo.

Dalili: hela imeingia, hali imebadilika, modeli iko kabatini

Kisima kimetoa lita 1,200 kwa saa badala ya 3,000. Au RUWASA wameleta bomba kubwa kijiji cha jirani na nusu ya wateja wenu wamehama. Timu nyingi hapa zinaendelea na mpango wa zamani mpaka ripoti ya mwisho, halafu zinaanza kutafuta maneno. Wakati huo modeli ingekuwa msaada mkubwa: fungueni ukurasa, tafuteni mshale upi umekatika, angalieni vipi vinavyoutegemea mbele yake, amueni kama mnaongeza chanzo, mnapunguza vituo au mnabadilisha walengwa. Halafu mwandikieni mfadhili kabla robo haijaisha, modeli ya zamani na mpya zikiwa zimeambatanishwa pamoja, kila moja na tarehe yake, na mstari mmoja unaoeleza kilichobadilika na namba mpya ya wanufaika. Msihamishe hela kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine mpaka awe amejibu kwa maandishi.